Mji Ulipovuka Maji



Mkaazi wa Likoni anapopanda feri asubuhi, ukimuuliza aendako, hukujibu kwamba aenda mjini. Mkaazi wa Kisauni anayengojea matatu ya kuvuka daraja la Nyali hujibu vivyo hivyo. Wote wawili, kwa mujibu wa sheria na ramani, wamo mjini tangu walipoamka. Wamelala ndani ya jiji la Mombasa, na kodi ya ardhi wanayodaiwa ni ya jiji. Lakini mtu huita mji pale anapopata vitu vya mji, na kwa wengi wa ndugu zetu wa ng'ambo vitu hivyo bado vimo kisiwani.

Wiki hii twapenda kuzungumza juu ya mipaka hiyo, kwa kuwa imeingia majumbani mwetu kwa mlango ambao hatukuutazamia, nao ni mlango wa mirathi. Katika miaka ya karibuni, wengi wa wanaotujia baada ya sala ya Alasiri kutaka kugawiwa urithi hawaji na nyumba ya Kibokoni wala duka la Ndia Kuu. Waja na shamba la bara lililogeuka kuwa ploti za jiji. Ndugu wanaume huketi mbele na makaratasi. Dada zao huketi nyuma, karibu na mlango, na mara nyingi hawajaonyeshwa hata karatasi moja.

Wazee wetu walipotaja Mombasa walikusudia kisiwa hiki ambacho hakifiki kilomita mraba 15. Bodi ya Manispaa iliundwa mwaka 1928, zama za Mwingereza. Kisha hatua kwa hatua, zama hizo na baada ya Uhuru, mipaka ikanyoshwa ng'ambo: magharibi Changamwe na Jomvu, kusini Likoni na Mtongwe, kaskazini Kisauni na Bamburi hadi ukingo wa Mtwapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mombasa ikapewa hadhi ya jiji, na tangu 2013 jiji na kaunti ni kitu kimoja, chenye kilomita mraba kama 220 za nchi kavu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Katika hao, Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, na Likoni 250,358. Piga hesabu: katika kila watu mia wa Mombasa, themanini na saba wanaishi ng'ambo ya maji.

Baadhi yao ni sisi wenyewe. Twasema hivi kwa sababu tungali na desturi, hasa sisi tuliozaliwa Mji wa Kale, ya kuwazungumzia watu wa ng'ambo kana kwamba ni wageni. Hebu kila mmoja ahesabu watoto wake. Nyumba za mababu zimejaa, kodi za nyumba kisiwani zimepanda, na vijana wakioa huvuka. Binti yetu anaishi Mtopanga. Dada zetu wawili wako Likoni. Siku ya Idi, kisiwa hujaa watu waliorudi kusalimia wazee, na jioni foleni ya daraja na ya feri huonyesha wazi watu hao wanalala wapi.

Kabla ya ramani hizi, Mombasa ilikuwa na njia yake ya kupokea watu wa bara. Mji ulikuwa wa Thenashara Taifa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa, miongoni mwao ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Majina yenyewe yatosha kueleza kuwa wengi walitoka bara ya mbele yetu au miji mingine ya pwani, wakaingia na jina lao na wakapata nafasi katika baraza. Nje ya hapo, kila upande ulikuwa na maagano yake na Mijikenda: Wadigo na Waduruma wakishikana na Thelatha Taifa, na jamaa za kaskazini wakishikana na Tisa Taifa. Hatusemi kwamba ulikuwa wakati wa malaika. Walipigana, walidhulumiana, na utumwa ulikuwapo. Lakini aliyeingia mjini aliingia na mzee wa kumsemea. Leo kijana akisikia Changamwe au Jomvu, hudhani ni jina la steji ya matatu na basi.

Mipaka ya jiji iliponyoshwa, kwa yale tuliyoyasikia, mambo yalikwenda kinyume. Hatujakutana na mzee wa Utange wala wa Mtongwe aliyetuambia kuwa siku moja alikuja mtu kumuuliza kama ataka kuwa wa mjini. Alijua kwa kuletewa karatasi ya kodi, au kwa kumwona mpima ardhi akipigilia vigingi.

Na ardhi hiyo ilikuwa tayari na jeraha lake la zamani. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya kuandikisha ardhi za pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai milki apeleke madai yake. Aliyekuwa karibu na afisi, akajua kusoma na kuwa na shahidi, alipata cheti. Wengi wa waliolima bara kwa vizazi hawakupata, na wajukuu wao hadi leo huitwa maskwota mahali palipo na makaburi ya babu zao. Familia zetu za kisiwani ni miongoni mwa zilizopata vyeti. Haya hatuyasemi ili kumvua mtu mali yake iliyo na hati. Twayasema kwa sababu anayekuja kutaka kugawiwa shamba la bara apaswa kujua kwamba juu ya shamba hilo kuna watu.

Sasa tutazame kilichofuata mipaka, na tuanze na maji, kwa kuwa hilo ndilo mama wa nyumba hulijua kuliko afisa yeyote.

Mombasa haina chemchemi yake ya kuutosha mji. Maji ya bomba yatoka kwa majirani: Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Marere katika vilima vya Shimba, Tiwi, Kwale, na Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi. Kwa miaka mingi pia tumekuwa tukisikia habari za bwawa la Mwache, Kwale, kwamba litatukidhi. Maana yake ni kwamba kila tone linalofika katika mifereji ya kisiwani limepita kwanza mbele ya milango ya watu wengine. Maji ya Baricho hupumzika katika matangi ya Nguu Tatu, huko huko Kisauni, na mitaani chini yake kuna mama anayemngojea kijana wa mkokoteni amletee mitungi. Hatusemi kisiwani hakuna shida. Mji wa Kale nao hukaa siku nyingi bila maji, na mabomba mengine ni ya zama za mababu. Lakini kungoja maji yarudi kwenye bomba ni jambo moja, na kutokuwa na bomba ni jambo jingine.

Binti yetu alipohamia Mtopanga, jambo la kwanza alilojifunza ni saa. Kijana wa maji hupita alfajiri. Ukimkosa, huna budi kwenda kisimani au kumpigia simu mwengine mwenye bei ya juu. Siku ambazo maji ya mifereji yamekatika kila mahali, bei ya mtungi hupanda, na anayelipa zaidi kwa lita ishirini ni yule yule aliye mbali zaidi na bomba. Hili ni jambo la ajabu ukilifikiria. Tajiri wa mtaa wenye mfereji hulipia maji kwa bei ya serikali, na mjane wa Mlaleo hulipia kwa bei ya mkokoteni.

Kisha yako maji machafu. Kisiwani na sehemu za magharibi ndiko mabomba ya maji taka yalikotangulia. Ng'ambo, nyumba nyingi zina shimo, na ploti zilivyo ndogo, shimo la huyu li hatua chache kutoka kisima cha yule. Ndiyo sababu kina mama wa Kisauni hutuuliza swali ambalo kina mama wa Kibokoni hawatuulizi: maji ya kisima yana harufu, je, udhu wafaa? Jawabu la kifiqhi ni jepesi. Maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa sababu ya najisi, ni najisi, yawe mengi kiasi gani. Yasipobadilika, na yakiwa mengi kwa kiwango walichokitaja wanachuoni, ni twahara. Lakini twaomba mama asichukue jawabu hili akalipeleka jikoni. Twahara ni jambo moja na afya ni jingine. Maji yaliyo safi kwa udhu huweza kubeba kipindupindu. Chemsheni.

Na taka nazo. Kibarani, kando ya njia ya kuingilia kisiwani, palikuwa jaa la mji kwa miaka mingi; sasa pamefungwa na kupandwa miti, na kila anayeingia Mombasa hufurahi kupaona. Taka hazikutoweka. Zapelekwa Mwakirunge, Kisauni, mahali ambapo wengi wetu wa Mji wa Kale hatujapakanyaga. Kwa hiyo wapo watu waliotiwa ndani ya jiji, wakaonja moshi wa taka za jiji kabla ya kuonja maji yake.

Twakiri kwamba si kila kitu kilichovuka kilivuka kwa ubaya. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa 1931, na hili la sasa ni la 1980. Bila ya daraja, Kisauni yote ingekuwa bado mashamba na vijiji. Skuli zimejengwa, zahanati zipo, umeme umefika mahali pengi. Likoni mambo yamekuwa mazito zaidi, maana huko njia ni chombo. Hatujasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa wakiwa safarini kwenda kazini na sokoni. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mji uliowataka waje kila asubuhi haukuwa umewapatia njia ya kuja kwa salama.

Turudi kwenye mirathi.

Jamaa hawa tutawaita wenye shamba, na inatosha. Marehemu baba yao aliacha ekari nane upande wa kaskazini, ndani zaidi ya Bamburi: minazi, miembe, kisima kimoja. Alifariki miaka thelathini iliyopita. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Hesabu yake ni nyepesi mno hata twaitumia darasani. Mke ana thumni, yaani ekari moja. Saba zilizobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja: ekari mbili kwa kila kijana na moja kwa kila binti. Ingechukua robo saa.

Haikugawiwa. Wakati huo shamba lilikuwa nyika. Ndugu wa kiume walisema, na dada zao walikubali, kwamba mwanamke wa Mji wa Kale hana la kufanya huko, na kwamba kugawa ni kutiana aibu. Nazi ziliangushwa kila msimu na ndugu wakauza. Dada walipelekewa kikapu cha nazi na maembe mwezi wa Ramadhani, nao walishukuru. Hakuna aliyegombana.

Kisha mji ukafika. Barabara ikawekwa lami si mbali na hapo, nyumba za ghorofa zikaanza kuonekana juu ya minazi, na dalali akaja na bei ambayo marehemu asingeiamini. Pamoja na dalali ikatokea karatasi nyingine: kodi ya ardhi ya miaka mingi iliyolimbikizana, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Bila ya kuilipa hakuna cheti, na bila ya cheti hakuna kugawa wala kuuza. Ndugu wakawaita dada zao watie sahihi kukubali mauzo. Mmoja wa mabinti, mama wa watoto wanne, akauliza kwa upole bei ni kiasi gani. Ndipo mambo yakaletwa kwetu.

Hoja ya ndugu ilikuwa hii: kodi ni deni la shamba, na shamba ni letu sote, basi kila mmoja achangie kwa kadiri ya fungu lake. Binti mmoja, thumni. Kwa juu yaonekana ni uadilifu. Lakini mafakihi wetu wana kanuni ambayo mwanafunzi wa madrasa huihifadhi mapema, kwamba gharama huandamana na manufaa. Aliyekula matunda ya kitu ndiye abebaye mzigo wake. Tuliwaambia: kwanza hesabuni mavuno ya miaka thelathini, mtoe gharama za palizi na mlinzi, na nauli zenu za kwenda kupanga foleni afisini, maana hizo nazo ni haki yenu. Katika kilichobaki, toeni kodi. Kikizidi, dada zenu na mama yenu wana fungu humo, ila wakusamehe kwa radhi. Kikipungua, hapo ndipo mtakapochangishana.

Walinyamaza kwa muda. Mkubwa wao, ambaye ni mtu mwema na twamjua tangu utotoni, alisema hakuwahi kufikiri kwamba kikapu cha Ramadhani kilikuwa badala ya kitu.

Juu ya sahihi, twapenda dada zetu wote wasome mstari huu mara mbili. Mwanamke aweza kumsamehe ndugu yake fungu lake, na ni jambo zuri likitoka moyoni. Lakini msamaha ni wa anayejua anasamehe nini. Apewe kwanza fungu lake, ajue ni futi ngapi na bei yake ni ngapi, likae mkononi mwake. Kisha akitaka kulitoa, alitoe. Sahihi iliyotiwa kwa haya, mbele ya kaka watatu na dalali, sisi hatuiiti msamaha. Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba, ibara ya 170, na mirathi ya Waislamu ni miongoni mwa kazi zake. Kwenda huko si kumshitaki ndugu yako. Ni kuandikiwa haki ya kila mtu ili watoto wenu wasije wakapigana.

Tulipokuwa tukiieleza kanuni ile ya gharama na manufaa, tulijikuta twafikiri juu ya jambo kubwa zaidi ya shamba lile. Jiji na bara ni kama ndugu hawa. Kisiwa kilikaa mbele na makaratasi. Bara ilitiwa katika hesabu ya mali, ikadaiwa kodi kwa miaka, ikapokea taka, ikatoa wafanyakazi kila alfajiri. Na kila baada ya miaka kadhaa huletewa kikapu. Kisima kimoja hapa, taa za barabarani pale, mara nyingi karibu na uchaguzi, na watu hushukuru. Ikiwa twamwambia kaka kwamba hawezi kumdai dada yake mzigo wa shamba ambalo hakulila, basi afisa wa kodi naye yampasa kuulizwa: mtaa huu unaodaiwa, umekula nini cha mji? Hatumwambii mtu asilipe. Deni ni deni, na anayekaa bila kulipa humwachia mwanawe tanzi, kama tulivyoona. Twasema kwamba anayelipa ana haki ya kuuliza, na kuuliza huko si fitina.

Wala haki hiyo si ya kubuni. Katiba ya 2010, ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na yampa haki ya usafi wa mazingira unaofaa. Huduma za maji, maji taka na taka ni kazi za kaunti. Makadirio ya bajeti sharti yapelekwe katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya kupitishwa wananchi wana haki ya kusikizwa. Tulihudhuria mkutano mmoja wa maoni namna hiyo, katika ukumbi fulani wa ng'ambo. Uliitishwa saa tatu asubuhi, ukaanza karibu na saa sita. Kina mama wanne walikuja mapema wakakaa nyuma. Waliondoka mmoja mmoja, wa kupika, wa kumchukua mtoto skuli, na mambo ya maji yalipofikiwa palikuwa hapana mwanamke hata mmoja ukumbini. Wanaume tulisema juu ya barabara na uwanja wa mpira. Katika orodha ya maoni, maji yaliandikwa nambari ya sita.

Kumbi za madrasa zetu ziko wazi kuanzia baada ya sala ya Adhuhuri hadi watoto wanapoingia. Kamati za misikiti ya Kisauni, Likoni na Jomvu zaweza kuwaalika wanaoandaa mikutano hii wakae na kina mama humo, kwa wakati wao, na watoto wao wakiwa chumba cha pili. Si jambo la bidaa. Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, alipoona mahujaji wa Makka wanateseka kwa kiu, miaka kama 1,200 iliyopita, hakungoja baraza la wanaume lifikie nambari ya sita. Alitoa mali yake mifereji ikachimbwa, na jina lake likabaki kwenye maji yale karne baada ya karne.

Jambo moja la mwisho kuhusu shamba, kwa kuwa tumeliona likiharibu mitaa mizima. Warithi wanapogawa, kila mmoja hutaka futi zake hadi ya mwisho, na hakuna anayekubali njia ipite kwake. Ploti zinauzwa, kuta zinapanda. Miaka kumi baadaye bomba likija halina pa kupita, lori la zimamoto laishia barabarani, na jeneza la maiti latolewa kwa kupitishwa juu ya ukuta wa jirani. Tumelishika jeneza la namna hiyo kwa mikono yetu. Basi kabla ya kuhesabu thumni, tengeni njia. Kitakachobaki ndicho cha kugawa.

Wenye shamba walikubali hilo. Hesabu ya mavuno bado inaendelea, na si rahisi, maana miaka ya mwanzo haikuandikwa popote. Mama yao, aliye na zaidi ya miaka themanini, alisema neno moja tu siku nzima. Alisema kisima kilichimbwa na marehemu na yeye mwenyewe akishusha ndoo ya udongo, na kwamba kutoka katika ekari yake ataka kisima hicho na njia yake viwe wakfu, wachote wote wanaochota sasa. Wanaochota sasa ni familia tano zilizojenga nyumba za udongo hapo tangu zama za babu, ambao nyumba ni zao na ardhi si yao, kwa ile desturi ya Mombasa tunayoijua sote. Ndugu mdogo aliuliza dalali atasema nini. Mama hakumjibu.

Sayyidna Uthman (R.A.) alipokinunua kisima cha Ruma, Madina, na kukiacha wazi kwa Waislamu, nacho kilikuwa na bei. Tuliandika maneno ya mama kama alivyoyasema, akaweka dole gumba.

Kilichobaki ni zile familia tano: wahame na walipwe thamani ya nyumba zao, au wauziwe mahali walipo kwa bei ya jamaa, kidogo kidogo. Dada wawili wasema fungu lao liangukie upande huo, kwani wao hawana haraka ya kuuza. Wa tatu ana mtoto chuoni, na hatuwezi kumlaumu. Tumepanga kukutana tena baada ya mwezi huu, safari hii huko huko shambani, chini ya mwembe, na tumewaomba wale familia tano nao wawepo.